Murozi wa Buyenzi na Reine wa Kibenga

Mliomcheka Hamimu wiki jana, leo chekeni kwa kiasi. Bakisheni kicheko kidogo, maana mtakihitaji huko mbele.

Kwa aliyeikosa: Hamimu anauza vipuri vya pikipiki Buyenzi, hapa Bujumbura, na anampenda Khadidja, binti wa Mzee Tajudini wa Gihosha, mpaka amesahau kula. Alituma wazee wake wakapose. Wazee walifika Gihosha, wakaona nyumba yenye turubai na viti vya plastiki vimepangwa mbele, wakafurahi kwamba wamepokewa kwa heshima. Wakaketi. Msemaji wao akasimama, akakohoa, akatangaza kwamba wamekuja kumchukua aliye ndani na hawaondoki bila yeye.

Ilikuwa nyumba ya msiba. Aliye ndani alikuwa marehemu, mzee aliyekuwa akiuza makaa karibu na daraja la Ntahangwa. Kwa kina Khadidja kulikuwa mbele kidogo.

Familia ya binti ikafunika aibu ile, ikasema jibu la posa litatoka Jumapili. Hamimu aliombwa jambo moja tu: akae kimya mpaka siku hiyo. Kukaa kimya, basi, kazi ambayo hata mtoto mchanga aliyeshiba anaiweza.

Tulimwacha dukani, simu mkononi. Rafiki yake Kelly, mwanafunzi wa chuo anayeishi Mutanga Sud, alikuwa amemwandikia akiomba ushauri. Ameanza kucheza Porte de Sel, anakufa kila akigeuka, afanyeje? Porte de Sel, yaani Lango la Chumvi, ni mchezo wa televisheni, wa mapanga, mapepo na ngome, mgumu kiasi kwamba vijana huvunja manette, kile kidude cha kuchezea, kwa hasira. Hamimu akaona uvivu kuandika. Akarekodi sauti yake, kwa madaha ya mtu anayejua, akabonyeza, ikaenda.

Haikwenda kwa Kelly. Iliingia kwenye kundi la WhatsApp liitwalo Posa ya Khadidja, walimo wazazi, mashangazi na wajomba wa pande zote mbili, pamoja na imamu mmoja mstaafu.

Nawawekea maneno yake yalivyo, na ile mais yake ya Kifaransa badala ya lakini, nisije nikaambiwa nimeongeza chumvi:

"Sikia vizuri, sha. Ukianza, chukua murozi. Chevalier ni ya watu wenye mikono ngumu, we mikono yako ni ya kuandika na bic. Mais murozi iko na sheria yake. Ya kwanza: usimukaribie mutu. Mupige kwa mbali, akikufikia umekwisha. Usivae kitu nzito, murozi anatembea mwepesi. Usimalize nguvu yote kwa mutu wa kwanza, bakisha ya wale wako nyuma. Muangalie kwanza vile anapiga, muache amalize, alafu pale anapumua ndio unamutia. Ile dawa ya buluu, kunywa mbele ya vita, apana katikati. Na ukishakusanya roho za kutosha, peleka kwa ule mama wa makaburi, atakupa jini moja ya kukusaidia kazi. Mi nimeua watu mingi vile, wallahi. Ata ule mzee wa daraja nilimumaliza na moto ya mugongo, akaanguka pale pale. Mais Reine, usimuguse kwanza. Reine, mi mwenyewe bado ananishinda."

Kwa vijana wa manette, murozi ni mchezaji anayepigana kwa uchawi, si kwa panga kama chevalier. Hilo ndilo jina walilompa, hawana jingine. Kwa mama wa umri wa Mwantum, mzazi wa Khadidja, murozi ni mtu anayekutilia kitu kwenye kikombe halafu anakuja kukulilia msibani. Neno hilo husemwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa.

Na mzee wa daraja mnamkumbuka. Alikuwa hajamaliza hata kusomewa dua.

Hamimu alipoona kosa lake, akakimbilia kufuta. Kwa ile haraka akafuta kwake mwenyewe tu. Sauti ikatoweka kwenye simu yake, ikabaki kwenye simu za wengine wote, na sasa hakuwa na njia tena ya kuigusa.

Simu ikalia. Khadidja.

"Hamimu."

"Mapenzi yangu..."

"Usiniite mapenzi. Niambie ulimuua nani kwa daraja."

"Khadidja, ni jeu! Ile jeu ya televisheni, nilikuonyesha!"

"Mi najua ni jeu. Shangazi yangu wa Nyakabiga hajue. Anauliza ule mzee alikukosea nini."

"Na mama?"

"Mama ameisikiliza. Akairudilia. Alafu akaweka haut-parleur, nyumba yote isikie, akanituma nimuletee miwani."

"Miwani ya kusikiliza?"

"Hamimu, mama akishavaa miwani, mambo ni mbaya."

"Muelezee basi!"

"Nimemuelezea. Amesema mutoto akipenda anafunika. Alafu akaniuliza duka yako inafungwa saa ngapi."

Usiku ule Hamimu hakupata usingizi. Alikuwa amekwisha kuiona Jumapili ikipita bila yeye, na Khadidja akipewa mtu mwingine, mtu asiye na simu.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, Mwantum akaingia dukani. Ni mama wa umbo kubwa na sauti kubwa kuliko umbo, anauza vitenge sokoni, na akitaja bei hata jirani zake wa meza hurekebisha zao. Siku hiyo aliingia polepole, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Salam aleikum, Hamimu."

"Aleikum salam, mama. Karibu, mama. Mama, ile audio..."

"Funga mulango."

Akafunga.

"Nimesikia sauti yako," Mwantum akasema. "Nimeisikia vizuri. We uko murozi."

"Apana, mama! Wallahi apana! Ile ni..."

"Usiape. Mi sikukuja kugombana." Akavuta kiti, akaketi, akatoa miwani, akaivaa. "Mi nimekuja kama mugonjwa."

Hamimu akapigwa na butwaa. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa kofi. Kuheshimiwa hakujiandaa.

"Bwana yangu ananitoka," Mwantum akasema, na ile sauti ya sokoni ikawa ndogo. "Kila siku, akimaliza kuswali tu alasiri, anaenda Kibenga. Nikimuuliza, anasema anasalimia rafiki. Salamu gani ya kila siku? Anarudi macho mekundu. Ata chakula yangu hasifu tena. Na kwa usingizi anaita mwanamuke."

"Anamuita nani, mama?"

"Unauliza, na we mwenyewe ulimutaja?" Akainama mbele. "Reine."

Hapa, wasomaji wangu, mtu mwenye akili zake angejikuna kichwa kidogo. Hamimu hakujikuna. Bujumbura imejaa akina Reine: kuna Reine anayesuka nywele, Reine wa benki, Reine anayeuza ndagala za ziwani. Alichowaza ni kwamba bahati yake mbaya imepata rafiki.

"Nikasema," Mwantum akaendelea, "uyu kijana hajaingia ata siku moja kwa siri yetu, jina amelijulia wapi? Basi iko na kitu. Kitu ya kweli."

"Mama, ule Reine yangu mi ni mwingine..."

"Ma-Reine yako ni wangapi?" Mwantum akauliza kwa ukali, na kwa muda mfupi akawa mama mkwe kamili.

Hamimu akaanza kupanga upya boliti ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Sikiliza, mutoto wangu. Jumapili watu watakula, watasoma dua, alafu wote watanigeukia mi. Baba yake atasema yake, mais ndiyo ya Khadidja inatoka kwa kinywa hii." Akagusa midomo yake. "Nisaidie na uyo mwanamuke, ndiyo yako iko hapa. Usiponisaidia, nitaanza kuamini wale wanasema uliua mutu wa daraja."

Sasa mtamlaumu Hamimu kwa nini hakusema ukweli pale pale. Nami nilimlaumu, mpaka nilipojiweka mahali pake. Mama mzima alikuwa amemfunulia siri ya ndoa yake muuza vipuri. Angemwambia kwamba siri ile ameimwaga bure, kwa kijana asiye na hata hirizi mfukoni, asingemsamehe maisha yake yote. Na machozi yalikuwa yamemlengalenga mama yule. Hamimu ana makosa mengi, lakini moyo wa jiwe hana.

"Mama, dawa sina," akasema. "Niko na sheria tu."

"Ndizo nilitaka. Sema."

"Ya kwanza, usimukaribie."

"Nani? Reine?"

"Baba. Akiingia mulangoni, usimurukie na maneno. Kaa mbali. Muangalie vile anatembea, anatoka saa gani, anapitia wapi, anachokea wapi. Akiongea, muache amalize."

"Amalize?" Mwantum akashika kifua. "Ile ni dawa kali, Hamimu."

"Na usimalize nguvu yote siku ya kwanza, mama. Bakisha."

"Na ile kitu ya buluu?"

Hamimu akatupa macho kwenye rafu zake. Cha buluu kilikuwa kimoja tu, mafuta ya breki. "Chai," akasema haraka. "Unamupa kwa kikombe ya buluu. Alafu unarudi nyuma."

"Na nguo?"

"Nyepesi, mama."

Lilimponyoka kwa mazoea. Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na duka. Mwantum alimtazama juu ya miwani kwa kitambo.

"Hmm," akasema, lakini hakuonekana amekasirika. Akanyanyuka, akafungua mlango mwenyewe, akaenda zake amenyooka mgongo.

Tangu siku hiyo Khadidja hakuishiwa habari. Alimpigia Hamimu akiwa amejifungia jikoni, ananong'ona.

"Mama amekuwa mutu mwingine. Leo baba amesema wali iko na chumvi mingi."

"Na mama?"

"Amemuacha amalize. Hamimu, baba mwenyewe akakata sentensi katikati, akaanza kumuangalia. Alafu mama amevaa ile nguo ya maua, ya Idi. Siku ya kazi! Umemufanya nini mama yangu?"

"Mi sijafanya kitu."

"Hamimu, nitaolewa na we ao nitakushitaki?"

"Anza na kuolewa," Hamimu akasema, na wote wawili wakacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kicheko hakikudumu. Ijumaa, watu wakitoka kuswali alasiri, simu ya Hamimu ikalia tena. Safari hii alikuwa Mzee Tajudini mwenyewe. Tajudini ni mtu mkavu, wa kamati ya msikiti, anayesuluhisha ndoa za watu kwa kukunja uso tu. Alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi, sasa ameliachia watoto wake.

"Kuja Kibenga," akasema. "Saa hii. Peke yako. Usimuambie mutu."

Njia nzima Hamimu alisoma kila dua aliyofundishwa utotoni. Mzee amejua. Amejua kwamba mkewe alikwenda Buyenzi, amejua habari ya kikombe, na mbaya zaidi amejua habari ya nguo nyepesi. Alipofika kwenye nyumba aliyoelekezwa, karibu na ziwa, alikuta mapazia yameshushwa mchana kweupe.

Aliyefungua alikuwa Télesphore, mtumishi wa serikali mstaafu, mgane mpole mwenye sweta. "Vua viatu," akasema kwa upole. "Amekungojea sana."

Ndani kulikuwa na giza na mwanga wa buluu unaotetemeka. Mzee Tajudini alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, kofia kichwani, kanzu ameikusanya magotini. Mkononi alikuwa na manette.

"Shusha pazia vizuri," akasema bila kugeuka. "Mwangaza inaniharibia."

"Baba?"

"Ule mzee wa daraja. Moto ya mugongo." Sauti ya mzee ikajaa shukrani. "Alianguka pale pale, vile ulisema. Alikuwa amenitesa, Hamimu. Karibu nilie."

"Alilia," Télesphore akasema. "Mi nilikuwa hapa."

"Kaa chini. Sasa ni Reine."

Hamimu akatazama televisheni. Pale ukumbini, juu ya ngazi za chumvi, alisimama Reine mwenyewe, malkia wa ngome, mrefu, mweupe, na panga linalomzidi kimo. Akili ya Hamimu ikafika. Ilichelewa njiani, lakini ilifika.

"Baba. Ni Reine uyu unamuita kwa usingizi?"

"Nani amekuambia naita?"

Hamimu akakohoa. "Nawaza tu. Mais baba, ile audio, ulielewa?"

"Tangu neno ya kwanza."

"Na famille wote wananiita murozi, wananisemea mutu wa daraja, na baba umenyamaza?"

"Nilinyamaza sababu nilitaka kusikia mwisho." Tajudini akaweka manette gotini. Uso wake ulilegea, na Hamimu akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona pale, haya. "Niseme nini mbele ya watu? Mi wa kamati, nahukumu ndoa za wenzangu, niko murozi? Tangu watoto wachukue duka, naamka asubuhi sina mutu wa kuniuliza bei ya musumari. Télesphore naye mke amekufa, mutoto wake Gaëlle yuko Ulaya, aliacha hii mashine. Tulianza kwa kucheka. Sasa hapa ndio mahali pekee mutu ananingojea."

"Ata kama anakungojea na panga," Télesphore akaongeza.

Hamimu alimhurumia. Alitaka kumshika mkono, ila adabu ilimzuia.

"Muambie mama, baba. Ataelewa."

"Mama Khadidja?" Tajudini akashusha sauti. "Iko kitu. Hanigombeze tena. Ananiletea chai kwa kikombe ya buluu, anarudi nyuma, anasimama kule, ananiangalia. Naongea, ananiacha namaliza. Hamimu, tangu tuoane mi sijamalizaka. Nimeogopa kabisa. Kuko mutu amemufanyia kitu."

Hamimu akaanza kukagua vidole vyake vya miguu, kimoja kimoja.

"Basi, kaa nyuma yangu," mzee akasema, akashika manette upya. "Unanisemesha, mi napiga."

Wakaanza. Na lazima niseme ukweli, mzee alikuwa na mkono. Alikaa mbali, akatupa moto wake, akarudi nyuma, akangoja Reine ashushe panga, akamtia mwingine. Hamimu akasahau posa, akasahau Jumapili. Télesphore alikuwa amesimama juu ya kochi na soksi zake.

"Reine!" Tajudini akapiga kelele. "Leo unanipa! Usikimbie, Reine! Kuja kwangu, kuja, kuja!"

Mlango ukafunguka.

Mnakumbuka ile sheria ya kuangalia mtu anatoka saa gani na anapitia wapi? Mwantum alikuwa mwanafunzi mzuri. Alikuwa ameuangalia mwendo wa mumewe wiki nzima, na leo ameufuata kwa mbali mpaka chini ya dirisha la Télesphore, na Khadidja nyuma yake akimsihi warudi. Nguo ilikuwa ile ya maua.

"Yuko wapi?"

Manette ikamwanguka Tajudini. Kwenye televisheni Reine hakungoja, akampasua katikati.

"Mama Khadidja..."

"Nimesema, Reine yuko wapi?"

Télesphore, akiwa bado juu ya kochi, akanyoosha kidole kwenye televisheni.

Mwantum akavaa miwani. Akasogea. Akamkagua malkia yule kuanzia taji mpaka unyayo, vile anavyokagua kitenge anachoshuku rangi yake.

"Uyu?"

"Uyu," mumewe akasema.

"Ndiye unamuita kwa usingizi?"

"Ndiye. Hana ata mwili, Mama Khadidja. Ni jeu."

Khadidja aliuma ushungi wake asicheke. Mwantum hakucheka. Alijitupa kwenye kochi, akavua miwani, akafuta macho kwa kiganja.

"Nilijua nimezeeka," akasema. "Nilijua umepata mwenye hajazeeka."

"Uyu ni mzee kukupita!" Tajudini akajitetea, amepiga magoti mbele yake bila kujua. "Iko na miaka elfu!"

"Elfu na zaidi," Télesphore akasema.

Mwantum akamtazama mumewe pale chini, na kofia yake iliyokaa upande. Ungedhani sasa atacheka, mambo yaishe, na mimi nipumzike. Badala yake akageuza shingo, taratibu.

"Na we, murozi."

"Mama."

"Dawa ulinipa?"

Hakukuwa na pa kukimbilia. "Ni sheria ya jeu, mama. Ya watu wanaanza."

"Ndoa yangu uliitibu na mambo ya televisheni."

"Ndiyo, mama."

"Ngoja," Tajudini akasema. Ilikuwa zamu ya akili yake kufika. "Kikombe ya buluu?"

"Ndiyo, baba."

Wakwe wote wawili wakawa wanamtazama. Hamimu hakuogopa kupigwa sasa. Aliogopa kumtazama Khadidja, asije akakuta macho yake yameshamkataa.

Lakini ni Khadidja aliyefungua kinywa. "Mais mama, imefanya kazi. Baba amepiga magoti."

Tajudini akagundua kwamba kweli amepiga magoti, akaona aendelee tu.

Mwantum akainama, akaokota manette, akaigeuza juu chini. "Inashikwa namna gani?"

"Mama, hujue ata kufungua simu bila mi," Khadidja akasema.

"Nimeuliza murozi."

Hamimu akamwonyesha: huku unatembea, huku unatupa moto. Malkia alikuwa amesimama tena juu ya ngazi zake, anangoja.

"Sheria ya kwanza, mama, unaikumbuka. Usimukaribie."

"Naikumbuka."

Akamwendea moja kwa moja. Alipanda ngazi zote za chumvi bila kusimama, akafika mpaka usoni pa yule mwanamke, akasimama hapo. Nadhani alitaka kumwambia maneno kwanza. Panga likashuka mara moja.

Televisheni ikawa nyeusi.

"Nimekufa?" Mwantum akauliza.

"Umekufa, mama."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia bei na hakuikataa. Hakuirudisha manette.

"Jumapili watu wakuje," akasema. "Wakule, wakunywe, wasome dua yao. Mais wasiniulize jibu. Ndiyo ya Khadidja itatoka siku mi nitamuangusha uyu mwanamuke kwa mukono yangu. Baba Khadidja asiniguse. Hamimu asiniguse. Mi mwenyewe."

"Mama!" Khadidja akalia.

"Ulitaka bwana murozi. Ngoja basi." Akahamia katikati ya kochi, akapigapiga nafasi iliyo kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akatabasamu. "Kuja hapa, mutoto wangu. Baba yako mukwe uyu anamushinda. We ndio mwalimu. Kwa audio ulisema wewe pia bado anakushinda, mais nilijua ile ni adabu, unajishusha tu mbele ya watu."

Hamimu akamtazama Khadidja. Khadidja akamtazama Hamimu, na polepole uso wake ukabadilika.

"Niambie, Hamimu," Mwantum akasema. "We ulimuangushaje?"